Tiketi Mbili kwa Kila Mpambe

Jumatatu, 4 Mei

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na leo amenipa kazi. Mimi! Safari iliyopita, kwenye sherehe ya uchumba wake, niliwaelekeza wageni ukumbi usio wao. Wakala huko, wakacheza huko, wakarudi kwao wameridhika. Nilidhani hatanituma tena hata kununua kiberiti.

Kazi yenyewe ni zawadi za wapambe wanne. Nilikuwa na jibu tayari: mito minne ya sponji, daraja la kwanza, kutoka dukani kwetu. (Nauza magodoro. Huu mwaka wa saba.) Akasema hataki kulisikia neno mto. Bilauri zilizochorwa majina hataki pia. Anataka wapambe wake wapewe matembezi. Tiketi. Kila mmoja aende anakokupenda, na kila mmoja apewe tiketi mbili, asiende peke yake kama mtu anayekwenda kupimwa damu. Nichunguze kimyakimya nani anapenda nini, ninunue, nitie kwenye bahasha. Watakabidhiwa Jumamosi hii wakija kujaribu nguo.

Wapambe ni hawa. Muuguzi, aliyesoma naye. Mhasibu, rafiki wa bwana harusi. Daktari wa Meno, binamu wa bwana harusi, mrefu, ana meno mengi na lazima uyaone yote. Na Fundi.

Fundi ndiye anayeshona gauni la harusi. Kibanda chake kiko mtaa wa nyuma ya duka letu. Kwa miezi minane nimempelekea suruali tatu azipunguze, halafu zile zile tatu aziongeze. Hatujawahi kuzungumza jambo lisilohusu kiuno changu.

Sasa tiketi mbili. Moja ya Fundi. Ya pili ya nani?

Jumanne, 5 Mei

Mpango umekamilika kabla ya saa nne asubuhi. Mtu mwingine angemuuliza Fundi anapenda nini. Mtu mwingine angeonekana mjinga. Mimi nimetunga dodoso. Karatasi yenye nembo ya duka, kichwa chake "Usingizi na Starehe: Maoni ya Wateja". Maswali kumi na mawili. Mengi ya godoro, ili asishtuke. Swali la tisa: ukipewa tiketi mbili leo utakwenda wapi? Swali la kumi: binadamu wa namna gani unapenda kukaa naye?

Sikuweka nafasi ya jina. Mtu huwa mkweli akijua hajulikani.

Nimemkuta Fundi ana pini nne mdomoni, anampima Shangazi. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, anapunguziwa gauni lake la harusini na analalamika kwamba nguo za siku hizi hazina pa kupumulia. Nimeweka karatasi mezani, nikasema duka linaomba maoni. Fundi akaitikia kwa pini. Nimeondoka taratibu, kama mtu asiye na haja.

Jumatano, 6 Mei

Dodoso limejazwa! Nimelikuta chini ya mkasi. Fundi alikuwa amekwenda kununua uzi, nikalichukua, nikalisomea nyuma ya godoro la futi sita.

Mwandiko mkubwa, umekandamiza karatasi. Mwanamke mwenye msimamo. Umri: "Wa kutosha." Unalala upande gani wa kitanda? "Wa ukutani, tangu marehemu aniache." Maskini. Sikujua kulikuwa na marehemu. Nimekaa kimya dakika nzima kwa heshima yake.

Swali la tisa: "MIELEKA. Safu ya mbele kabisa."

Sikulitarajia hilo. Lakini mtu huwezi kumjua kwa kumtazama akipiga pasi. Swali la kumi: "Mwanamume mwenye shingo nene, asiyesema sana."

Kusema nitapunguza. Shingo nimeianza leo leo. Mhasibu, ambaye hufanya mazoezi, ameniambia kwa simu nilale chali niinue kichwa mara hamsini. Nina bahati kazini kwetu hakuna upungufu wa pa kulala.

Alhamisi, 7 Mei

Meneja amenikuta juu ya godoro la maonyesho nikiinua kichwa. Amesema wateja wawili walifikiri nina kifafa. Nikamweleza naonyesha uimara wa sponji. Amesema uimara uonyeshwe kwa kubonyeza, kwa mkono, mfanyakazi akiwa amesimama.

Mchana nimekwenda kununua tiketi. Muuguzi: siku nzima kwenye bwawa la kuogelea. Mhasibu: mpira. Hao wawili hata dakika tano sikuwafikiria.

Fundi: mieleka, Jumapili alasiri, safu ya mbele, viti viwili.

Daktari wa Meno amenichukua saa nzima. Nimeshasikia kwamba harusini atatembea na Fundi, mkono kwa mkono. Ya nini? Eti kwa sababu ya urefu. Basi nikatafuta matembezi ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyapenda. Nikayapata. Kutazama ndege kwenye kinamasi. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Viatu vya mpira ni lazima. Mazungumzo hayaruhusiwi.

Kulikuwa na tarehe mbili: tarehe 16 na tarehe 23. Tarehe 16 ndiyo harusi, saa tisa alasiri. Basi hurudi saa nne asubuhi, kwa hiyo hatachelewa. Atafika tu. Lakini atafika amechoka, macho mekundu, kaumwa na mbu, ananuka matope. Nikachagua tarehe 16. Binti wa tiketi akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika zaidi.

Jumamosi, 9 Mei

Sijui nianzie wapi. Shingo yangu imekaza, naandika nikiangalia dirishani.

Wapambe wamekuja nyumbani kujaribu nguo. Mdogo wangu akagawa bahasha. Muuguzi akapiga kelele. Mhasibu akanikumbatia, akaniinua juu. Mimi nikajisogeza karibu na Fundi, mahali ambapo mtu mwenye tiketi mbili na asiye na wa kumchukua angeniona mara moja. Kesho Jumapili alasiri, nikasema hewani, sina shughuli yoyote.

Fundi akafungua. Akasoma. Akageuza karatasi kuona kama kuna jambo nyuma. Halafu akacheka, akasema ahsante kwa adabu kabisa, kama mtu aliyepewa kuku hai ndani ya ofisi.

Ndipo Shangazi akachungulia. Akapiga ukemi uliomwamsha mtoto wa jirani. Mieleka! Safu ya mbele! Akasema miaka yote hii hakuna aliyemuuliza anapenda nini, ila karatasi moja tu ya magodoro aliyoijaza majuzi, Fundi alipokuwa na pini mdomoni.

Fundi akampa tiketi zote mbili palepale. Shangazi akaangaza macho chumba kizima akitafuta wa kwenda naye, akakumbuka kuwa kuna mtu kasema hana shughuli. Nimekubali shingo upande, kwa maana zote mbili.

Na bado. Daktari wa Meno akafungua yake. Meno yote yakatoka. Kinamasi! Akasema yeye huamka saa kumi alfajiri kila siku na hajawahi kupata mwenzake wa kutazama ndege. Fundi akaweka chini kipimo chake. Nimemwona Fundi akiwa na pini, na pasi, na wateja wabishi, sijawahi kumwona na uso ule. Ana daftari la ndege tangu ana miaka tisa. Ndege mia moja na arobaini. Kuna mmoja mwenye miguu myekundu hajamwona bado.

Watakwenda pamoja. Nimewanunulia mimi.

Jumapili, 10 Mei

Mieleka. Shangazi alivua kiatu raundi ya pili na kumpiga nacho mwamuzi begani. Mwamuzi akakirudisha kwa heshima. Mwanamieleka mwenye shingo kama gogo alianguka mapajani mwangu, akaniomba radhi, akaondoka. Shingo yangu imenyooka. Siijui sababu, sitaki kuijua.

Njiani kurudi Shangazi akanishika mkono, akasema tangu mumewe afariki watu humwita kwenye misiba na vikao tu. Leo ameitwa kwenye raha. Nikaona vibaya kidogo. Nikasema nilijua atapenda.

Ijumaa, 15 Mei

Gauni liko tayari isipokuwa vifungo. Mdogo wangu amekonda kwa wasiwasi, kwa hiyo Fundi amelibana upya mgongoni leo, na vifungo ishirini na sita atavishona kesho asubuhi, akitoka kinamasini. Gauni limebaki chumbani kwetu, limetundikwa mlangoni. Vifungo viko kwenye kikopo cha chai.

Mdogo wangu ameuliza kwa nini matembezi yawe siku ya harusi. Nikamjibu tarehe nyingine zilijaa. Akanitazama. Akasema sawa kaka, maadamu umehakikisha.

Nimehakikisha nini?

Jumamosi, 16 Mei

Naandika nikiwa na suti ya matope. Nitaandika kwa mfuatano.

Saa nne kamili asubuhi. Simu. Daktari wa Meno, sauti ya upole. Basi limeingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Gurudumu la nyuma haliko chini wala haliko juu. Trekta limeahidiwa, lakini mwenye trekta hajaamka.

Nikatazama gauni mlangoni. Mgongo wazi kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kitandani na rola za nywele kichwani, akaniuliza taratibu, kaka, kweli tarehe zilijaa? Nikafungua mdomo. Nikasema naenda kuwaleta.

Gari? Lori la duka. Dereva wetu alikuwa anapakia magodoro matatu ya mteja wa upande huohuo wa kinamasi. Nikamwambia Meneja amekubali. Meneja hajui mpaka sasa ninapoandika. Nikafikiri tena: hata tukiwapata, nani atapata muda wa vifungo ishirini na sita? Basi gauni liende likashonwe njiani. Mdogo wangu akasema gauni haliendi popote. Shangazi akasema linaenda, na yeye analipakata. Akapanda mbele, gauni ndani ya shuka safi, kikopo cha chai mkononi. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Saa sita tukafika. Watalii wa ndege wamekaa ukingoni mwa barabara kama nguo zilizoanikwa. Fundi ana tope hadi magotini. Uso unang'aa. Amemwona mwenye miguu myekundu! Wawili! Ndipo akaona gauni mikononi mwa Shangazi, akaacha kucheka, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akapanda nyuma juu ya magodoro bila neno.

Hapa ndipo nilipaswa kupanda nyuma. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja. Shangazi akauliza nani atasaidia kushona, mimi nikasema mimi, Fundi akaniuliza nimeshawahi kushika sindano. Daktari wa Meno akasema kwa upole kwamba yeye hushona fizi kila Jumanne na Alhamisi.

Shangazi akahamia nyuma na gauni. Mimi nikakaa mbele na Dereva.

Saa mbili nzima nimekaa mbele. Mteja wa magodoro amepiga simu mara tisa, zote nimezipokea mimi. Kupitia kidirisha cha nyuma nimeona migongo tu. Kumi na tatu kashona Fundi, kumi na tatu kashona yeye. Shangazi amesema vya Daktari wa Meno ndivyo vilivyonyooka zaidi. Hilo nani aliuliza?

Tumefika saa nane na nusu. Harusi imechelewa dakika arobaini. Wageni hawakuona ajabu, wengine ndio kwanza walikuwa wanaingia.

Baba angekuwepo, yeye ndiye angempeleka mdogo wangu mbele. Kwa kuwa hayupo, nimempeleka mimi. Sikupata muda wa kubadili viatu. Pale mlangoni, kabla ya kuingia, alisimama ghafla. Nikamwambia vifungo vyote ishirini na sita vipo, nimevihesabu mwenyewe. Akacheka, machozi yakamtoka, tukaingia. Tope langu limeacha alama hadi mbele. Mpigapicha amesema atajaribu kuzifuta.

Jumapili, 17 Mei

Nilidhani yameisha. Nilisahau hotuba ya Shangazi jana ukumbini. Alisimama kumsifu bibi harusi, akamalizia kwa kulishukuru duka la magodoro, kwa kumuuliza kwa maandishi mwanamume wa namna gani anamtaka. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mdogo wangu hakucheka. Nilimwona akijumlisha.

Leo asubuhi, kabla ya kuondoka fungateni, amekuja, mumewe akisubiri kwenye gari. Tumekaa jikoni. Ameniuliza kila kitu, nami nikamjibu karibu kila kitu. Dodoso. Tarehe. Suruali.

Akasema: "Kaka, ungeniambia tu. Ningekukalisha naye meza moja, basi."

Akasema alinipa kazi ile kwa sababu alitaka ndugu yake awe na mkono kwenye siku yake, na tangu Ijumaa alihisi kuna kitu nafanya nyuma yake. Hilo ndilo lililomuuma, si matope. Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamwomba radhi. Akanipiga kibao kidogo begani, akasema tena: mtu ukimtaka, mwendee, umwambie. Nikasema nimeelewa. Na nimeelewa kweli. Njama basi. Nimeichana karatasi ya dodoso vipande vinane.

Jumatatu, 18 Mei

Meneja amekuta nyayo za viatu vya mpira kwenye magodoro mawili. Mteja ameyakataa. Nimeonywa kwa barua. Nimejitetea kwamba ilikuwa dharura ya kifamilia. Amesema barua ya kwanza kwenye faili langu pia ilikuwa dharura ya kifamilia.

Jumatano, 20 Mei

Fundi amekuja dukani! Mwenyewe! Nilikuwa nabonyeza sponji, nikaendelea kubonyeza kwa kama dakika tatu bila kujua.

Amesema hajapata nafasi ya kunishukuru. Kama si lori lile angekosa harusi, na kama si tiketi zile hadi leo asingemwona ndege wake. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, Daktari wa Meno hajambo? Akasema hajambo, ni mtu mzuri, ila njia nzima juu ya magodoro alikuwa anamweleza habari za fizi. Shangazi alimwomba anyamaze mara mbili.

Halafu akatoa bahasha. Ndani tiketi moja. Muziki wa ala, Jumapili hii, saa kumi alasiri. Ya pili anayo yeye, viti viko pamoja. Akasema: "Nimeona wewe ndiye uliyenunulia watu wote matembezi, na wewe mwenyewe hukuenda popote."

Nikasema nilikwenda kwenye mieleka. Akacheka sana. Akaondoka. Nimebaki nimekumbatia mto.

Alhamisi, 21 Mei

Mdogo wangu amepiga simu kutoka fungateni. Alishasikia. Akashangilia mpaka mumewe akauliza kuna nini. Amenikumbusha: nenda, kaa, zungumza. Mambo matatu. Nikamwahidi.

Ijumaa, 22 Mei

Nimefikiri siku nzima. Nikienda mara ya kwanza tu nilipoitwa, Fundi ataniona mtu gani? Mtu aliyekuwa anangoja. Mtu ambaye Jumapili yake iko wazi kama uwanja. Daktari wa Meno ana shughuli kila siku, ndiyo maana watu wanamheshimu.

Hii si njama. Ni subira.

Jumapili, 24 Mei

Nimempa Shangazi tiketi yangu. Nimemwomba akae kwenye kile kiti, aseme nimezongwa na mambo mazito, na amtazame Fundi usoni vizuri kila baada ya wimbo. Mimi nimebaki nyumbani nimevaa suti, iwapo mambo mazito yangeisha mapema.

Shangazi amerudi saa kumi na mbili. Amesema muziki hauna mshindi, hivyo haukumwingia. Amesema Fundi alikuwa amevaa nguo mpya, ya bluu, aliyojishonea. Alikuwa ameshikilia kiti kwa mkoba wake. Aliniulizia mara moja. Alipoambiwa siji, alisema haya, akauondoa mkoba, akatazama mbele hadi mwisho, na baada ya hapo hakuuliza tena.

Nikamwomba Shangazi arudie hapo pa kutazama mbele. Akarudia.

Ameumia! Mambo yanakwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Akinialika tena nitakataa mara moja zaidi, ili awe na hakika.